Sangara, sato, perege au kibua: yupi anafaa kwa mafuta kidogo ukiwa Dodoma

Nimezaliwa Tanga, kwenye nyumba ambayo samaki hununuliwa asubuhi macho yakiwa bado yanang'aa, na ikifika saa kumi jioni kimebaki kichwa cha paka. Tulipohamia Dodoma mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahamishia watu wake huku, nilibeba kikaango changu cha chuma nikaamini nimebeba na ufundi wote. Wiki ya kwanza nikanunua sato mkubwa, nikamlaza kwenye vijiko viwili vya mafuta kama nilivyozoea kumfanyia yule samaki wa baharini wa kwetu aitwaye changu. Ngozi yote ikabaki kwenye kikaango. Mezani nikapeleka kitu mfano wa uji wenye miiba, na mume wangu, kwa adabu zake, akauliza kama leo tunakula rosti.

Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba siku ile nilikuwa nakaanga maji. Samaki wengi wanaofika Dodoma wamesafiri mbali, wengi wao wamegandishwa njiani, na samaki aliyegandishwa vibaya huachia maji yake mara anapogusa moto. Maji yakiwepo juu ya ngozi, joto la pale halivuki nyuzi 100 hata uchochee vipi, wakati ule ukoko wa kahawia tunaoutaka huanza kujijenga kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo ukiwa huku, kabla hujauliza yupi mtamu, uliza yupi amebeba maji machache.

Ninaposema mafuta kidogo nina maana ya vijiko viwili au vitatu vya chakula kwenye kikaango kipana. Samaki analala upande mmoja mpaka ngozi inakauka na kukatika mdomoni kama kaukau, kisha anageuzwa mara moja tu. Simsemi yule wa kuzamisha. Wa kuzamisha karibu samaki yeyote anakubali, maana mafuta yanamzunguka na kumkausha kila upande, na ndiyo njia wanayoitumia mama lishe wengi ninaowafahamu hapa mjini. Hii ya mafuta kidogo haina pa kuficha kosa. Faida yake ni kwamba nyama ya ndani inabaki na unyevu wake, na chupa ya mafuta inafika mwisho wa mwezi.

Sato na sangara

Wote wawili ni wa Ziwa Victoria, karibu kilomita 700 kwa barabara mpaka uwafikishe hapa. Ukisimama Soko la Majengo utaambiwa wote wameingia jana. Kijana ninayenunua kwake ana maneno yake: "Mama, chukua huyu sato, kaingia usiku wa kuamkia leo." Namuuliza, "Kaingia sokoni au katoka kwenye friza, mwanangu?" Anacheka. "Aa, mama na wewe! Vyote viwili." Namrudia kila wiki kwa sababu hanidanganyi zaidi ya hapo.

Shida ya kwanza ya sato ni umbo lake. Kanuni za uvuvi haziruhusu kuvua sato wa chini ya sentimita 25. Kikaango cha kawaida cha nyumbani kina sentimita 26 mdomoni, na chini kwenye ubapa wake hakifiki hata 22. Yaani hata sato mdogo kabisa aliye halali anabakiza mkia nje ya ubapa. Tena nyuma ya kichwa ni mnene, mkiani ni karatasi, kwa hiyo mkia unaungua wakati nyama ya kichwani bado ina damu. Wengi wetu tunampiga chale tatu kila upande ili joto liingie. Inasaidia ukiwa unazamisha. Kwenye mafuta kidogo kila chale ni mlango mwingine wa maji kutokea, na ngozi iliyochanwa haiwezi kukauka kipande kimoja.

Njia pekee niliyoiona inafaa ni kumwomba anayekupaia magamba akupasulie mgongoni, atoe uti, abakize minofu miwili yenye ngozi. Atanung'unika kidogo kwa sababu ana foleni. Mwongeze chochote. Lakini hapo piga hesabu kwanza: sato mzima akitolewa mnofu mtupu, unapata kama theluthi ya uzito wake. Kilo tatu za sato ndiyo kilo moja ya kuweka kikaangoni. Kichwa na uti si hasara kwa anayejua mchuzi, na kwangu mchuzi wa vichwa ndio unaogombewa, ila kwa hesabu ya kikaango peke yake sato ni ghali kuliko bei anayoitaja muuzaji.

Sangara ni habari nyingine. Huyu alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawala wenyeji wake, akageuka mali ya kusafirishwa nje. Anaweza kuvuka kilo 100, hivyo huku hafiki mzima. Anafika vipande vya mviringo vilivyokatwa pamoja na mfupa, au minofu ya kiwandani isiyo na ngozi iliyogandishwa kwenye pakiti. Kipande cha mviringo kina nyuso mbili bapa zinazolala zote kwenye chuma, unene ni mmoja kuanzia pembeni mpaka katikati, na ngozi inakizunguka kama mkanda. Kikiwa na unene wa kidole gumba, dakika nne upande wa kwanza na tatu upande wa pili zinatosha. Mfupa ni ule wa katikati na mbavu chache kubwa ambazo kila mtu anaziona. Mtoto wa miaka minne anakula bila wewe kumkagua kila tonge.

Kasoro yake ni ladha. Sangara ni mpole mno, na wapo wanaosema hana ladha kabisa. Mimi nasema anasubiri ndimu na pilipili. Chagua kipande kilichotoka kwa samaki mkubwa: utakiona kwa mistari myeupe ya mafuta kati ya nyama. Kipande cha sangara mdogo ni kikavu, na ukizidisha dakika mbili unatafuna pamba.

Kuna jambo watu wa nyumbani wananibishia sana, nami silirudishi nyuma: mnofu wa sangara uliogandishwa kiwandani mara nyingi ni bora kuliko samaki "freshi" aliyegandishwa kwenye friza ya muuzaji. Kiwandani samaki huganda haraka, na barafu inayojijenga ndani yake ni chembe ndogo. Kwenye friza ya dukani, iliyojaa mpaka mlango haufungi vizuri, anaganda polepole, chembe za barafu zinakua kubwa na kuchana nyama kutoka ndani. Siku ya kuyeyusha, yale machano yote yanamwaga maji. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, ameyeyuka na kuganda upya na wewe huna habari. Dalili zipo. Samaki amepinda kwa umbo la kona ya friza. Kuna barafu ya rangi ya waridi iliyoganda chini ya mfuko. Au kuna theluji nyeupe ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa. Ukiona mojawapo, huyo ni wa mchuzi.

Kuyeyusha nako kuna maana. Mtoe friza usiku, mweke sehemu ya chini ya friji juu ya sahani iliyoinamishwa, asilale kwenye maji yake. Kumwagia maji ya moto ili awahi ni kumpika nje na kumwacha ndani barafu.

Perege wa Mtera

Perege na sato ni ndugu wa ukoo mmoja. Huku jina la perege linawaendea zaidi wale wa mabwawani. Bwawa la Mtera lipo kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, na lilijengwa kwa ajili ya umeme, ila sisi wenye vikaango tuna hesabu zetu. Uzuri wa perege wa Mtera ni safari fupi. Anaweza kuvuliwa usiku, akalazwa kwenye barafu, na kufika mjini mchana wa siku hiyohiyo bila kugandishwa. Hilo kwangu linafuta mapungufu yake mengi.

Nayo mapungufu anayo. Ni mdogo, wa kiganja. Ana vijiba vingi. Na mara nyingine ana ladha ya tope, hasa maji ya bwawa yanapopungua. Ladha ile inatokana na vijidudu vya majini vinavyotengeneza kitu kiitwacho geosmini, kinachojificha kwenye ngozi na mafuta ya samaki. Tindikali inaivunja. Kwa hiyo kwanza kwangua ule utando mweusi wa ndani ya tumbo mpaka ubaki weupe, kisha mloweke dakika kumi na tano kwenye maji yenye ndimu mbili na chumvi kidogo.

Hapo utaniuliza, si ndiyo umemlowesha tena? Ndiyo, na hapa ndipo Dodoma inapolipa. Kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ya huku ni kavu kiasi kwamba nguo ya jinzi inakauka kabla hujamaliza kuosha vyombo. Ninachofanya ni kumfuta perege kwa kitambaa cha pamba ndani na nje, kumpanga kwenye waya wa kuchomea nyama, kumfunika kwa kawa kuzuia nzi na vumbi, na kumwacha dirishani dakika ishirini, si zaidi. Nikirudi, ngozi imekuwa kama karatasi ya nta, kidole kinateleza juu yake bila kulowa. Tanga ningemwacha mpaka adhuhuri na bado angenirudishia jasho. Masika ya huku, Januari na Februari, hewa ikiwa nzito, nampeleka kwenye friji bila kumfunika kwa saa mbili. Matokeo yanakaribiana.

Kambale ninamtaja tu kwa sababu anauzwa meza hiyohiyo. Hana magamba, ngozi yake ni ya utelezi, na mafuta yake ni mengi. Mkavu wa moshi ni mzuri sana kwa karanga. Kikaangoni simpeleki, na jirani zangu Wasabato hawamgusi kabisa.

Kibua na wenzake wa maji chumvi

Kwa ladha peke yake mjadala ungeishia hapa. Kibua ana mafuta yake, ngozi yake ni nyembamba, inakauka kabla hujamaliza kuhesabu, na harufu yake kikaangoni inanirudisha kwa bibi yangu. Ukipasua tumbo na kumfungua kama kitabu, analala bapa na kuiva kwa dakika tano jumla.

Lakini Dar mpaka hapa ni kilomita kama 450, na kibua hapendi safari. Yeye, jodari na nguru ni wa kundi la samaki ambao wakikaa kwenye joto, hata kwa saa chache, bakteria huanza kutengeneza histamini ndani ya nyama. Moto hauivunji. Unaweza kumkaanga mpaka akawa mkaa na bado akakudhuru: uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, tumbo linavuruga, yote ndani ya saa moja au mbili. Watu wengi hudhani ni mzio. Dalili moja ya mapema ni ulimi kuwasha kama umelamba pilipili manga wakati hukuitia. Ukilihisi hilo, tema, usimalizie kwa kuona haya.

Yamenikuta. Ndugu mmoja alituletea vibua kwa basi kwenye ndoo yenye barafu, na basi likaharibika njiani. Kufika Dodoma barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu na mimi, kwa tamaa ya kwetu, nikawaosha na kuwakaanga. Usiku ule nililala nimejifunga kanga ya maji kichwani. Tangu hapo vibua ninanunua nikiona kwa macho kwamba bado wamezungukwa na barafu, wamekakamaa, na mashavu ndani ni mekundu. Changu na tasi hawana hatari hiyo kwa kiwango hicho, na changu akifika salama ni mfalme wa kikaango, mnene, imara, hamwagi maji. Bei yake huku ndiyo inayonifanya nimsalimie tu.

Jumamosi niliyowapanga pamoja

Mama mkwe alipokuja mwaka jana nilitaka kuumaliza ubishi. Nikachukua kipande kimoja cha sangara, minofu ya perege wa asubuhi ile, na mnofu wa sato wa friza. Kikaango kimoja cha chuma, gesi, vijiko viwili vya mafuta kwa kila mmoja, nikifuta kikaango kila baada ya zamu.

Sato alianza. Sekunde kumi za mwanzo sauti ilikuwa nzuri, ya kupasuka. Halafu ikabadilika, ikawa ya kuchemka, mvuke ukapanda, na pembeni mwa mnofu kikatoka kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Hiyo ni protini inayosukumwa nje pamoja na maji. Nilipojaribu kuingiza mwiko bapa chini yake, ngozi ilibaki.

Perege alipogusa chuma akajikunja kingo juu, kwa sababu ngozi husinyaa haraka kuliko nyama. Nikamkandamiza kwa mgongo wa mwiko sekunde kumi, taratibu, bila kumsogeza. Nikamwacha. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mpishi: mkono unawasha kutaka kugeuza. Samaki anayeng'ang'ania kikaango anakwambia bado; ukoko ukishakamilika unajibandua wenyewe. Dakika ya tatu nikatikisa kikaango na perege akateleza kama sabuni kwenye sinia. Nikamgeuza kwa nusu dakika tu. Kanuni yangu ni kwamba zaidi ya robo tatu ya muda samaki awe amelalia ngozi.

Sangara hakuwa na vituko. Alilala, akaunguruma, akapata rangi ya chapati, akageuzwa.

Mama mkwe alionja wote akiwa kimya. Akasema perege ndiye mwenye ladha. Kisha akanyoosha mkono na kuongeza sangara. Nikamwuliza, "Mama, si umesema perege?" Akajibu, "Yule mtamu, mwanangu. Huyu hanisumbui." Sidhani kama nimewahi kusikia ulinganisho mzuri kuliko huo.

Chumvi, ndimu na mafundisho ya bibi

Bibi yangu alimloweka samaki kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kuanzia asubuhi. Kwa kuzamisha, alikuwa sahihi. Kwa mafuta kidogo, saumu na tangawizi vinaungua na kuwa vichungu kabla samaki hajapata rangi, na ile rojo ni maji tu. Nimehamishia viungo vyote upande wa pili: natia saumu iliyopondwa kwenye mafuta yaliyobaki baada ya kumtoa samaki, sekunde ishirini, nakamulia ndimu, namwagia pembeni yake, si juu ya ngozi. Chumvi natia dakika kumi na tano kabla, ivute maji ya juu, kisha nafuta na kitambaa. Au natia dakika ileile anapoingia kikaangoni. Ukiitia dakika tano kabla na usifute, umempeleka na jasho lake.

Mnofu wa sangara usio na ngozi ndio pekee ninaoupaka vumbi la unga, wa ngano au wa mchele, ule wa kupukutisha mpaka ubaki ukungu tu.

Kikaango kipi

Ukiwa na kimoja tu cha kununua, nakushauri chuma kizito. Kinachelewa kupata joto, ila kikishapata hakilipotezi samaki baridi anapotua juu yake, na hilo ndilo linalomfanya asinate. Kinataka malezi: kukipaka mafuta na kukichoma mara kadhaa mpaka kiwe cheusi na chenye kung'aa, na kukifuta badala ya kukisugua kwa steeliwaya. Tanga changu kilikuwa kinaota kutu nikikisahau siku mbili. Dodoma kimekaa juu ya kabati mwezi mzima wakati nasafiri na nikakikuta kama nilivyokiacha.

Alminiamu nyembamba, zile nyepesi zinazouzwa kila kona, ndizo zinazonatisha zaidi. Zinapata joto upesi na kulipoteza upesi. Weka samaki mmoja, sauti inazimika. Kama ndiyo pekee uliyonayo, kaanga kipande kimoja kimoja na usubiri mafuta yarudi.

Nonstiki ni rahisi kwa anayeanza, sato mwenyewe hubanduka humo. Rangi ya ukoko haifikii ya chuma, lakini hakuna machozi. Sharti lake ni moja na si dogo: utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya joto likipita nyuzi 260, na jiko la mkaa linafika huko bila kukuaga. Nonstiki kwa gesi, chuma kwa chochote. Anayepika kwa mkaa asiharibu hela yake.

Kuhusu mkaa na gesi sina mengi. Gesi unaipunguza samaki akishapata rangi. Mkaa una moto mzuri ukishakuwa majivu meupe juu, ila kuupunguza ni kuinua kikaango. Nimeyafanya yote na samaki hajui tofauti.

Mafuta ya huku

Tunaishi kwenye nchi ya alizeti, Dodoma na Singida, na ni aibu kununua mafuta mengine. Lakini ya kukamua na yaliyosafishwa ni vitu viwili. Yale ya kukamua, ya rangi ya dhahabu yanayouzwa kwenye chupa kando ya barabara ya Singida, yana harufu nzuri na yanatoa moshi na povu mapema sana, kabla chuma hakijafika joto tunalolitaka. Yaliyosafishwa yanavumilia mpaka nyuzi 220 na zaidi. Mimi nakaangia yaliyosafishwa, na ya kukamua naweka kijiko kimoja kwenye kachumbari inayokaa ubavuni. Kama unayo ya kukamua tu, punguza moto, ongeza dakika, na ukubali ngozi laini kidogo.

Mafuta yako tayari pale yanapotembea kikaangoni kama maji na mawimbi madogo yanaonekana juu. Chovya ncha ya mwiko wa mbao. Ikizungukwa na mapovu madogo, ingiza samaki, ukimlaza kuelekea upande usio wako. Nina alama ya kuungua mkononi kutoka siku niliyomlaza kuelekea kwangu.

Ninavyonunua siku hizi

Siku za kazi, nikitoka ofisini saa kumi na moja na watoto wana njaa, ni sangara, kipande cha mviringo kikiwepo, mnofu wa pakiti kisipokuwepo. Mgeni anayeanza kupika akiniuliza, namwelekeza huko bila kufikiri mara mbili. Jumamosi asubuhi nikipata uhakika kwamba perege wa Mtera wameingia na mashavu yao ni mekundu, nanunua wanane wa kiganja na kutenga saa nzima ya kufuta na kukausha. Jirani yangu Mgogo alinifundisha kuwala na ugali wa uwele na mlenda, jambo ambalo mtu wa Tanga nilidhani ni mzaha. Ngozi inayokatika pamoja na mlenda unaoteleza vinaelewana kuliko nilivyotarajia, mradi usivichanganye mpaka kwenye tonge. Kibua ni wa bahati, na ni wa kula siku hiyohiyo.

Sato freshi kweli, asiyegandishwa, namchukua nikiwa na mtu wa kunipasulia. Wale wa friza wanaendelea kuja, kama zawadi au kwa sababu ndio pekee waliobaki mezani saa moja usiku. Hao nawatia nyanya, kitunguu na bizari moja kwa moja, na mume wangu siku hizi haulizi tena.